Tone Chini ya Gari la Baba Mkwe

Vijana mtakaosoma haya, wenye magari na mnaoyaota, mlio na wakwe na mnaowatafuta, msisome kwa haraka kama mnavyosoma simu. Mimi shule niliishia darasa la nne, maneno ya kupamba sina. Nina jambo moja tu, nalo halinipi raha tangu nilipoona weusi chini ya gari la mjukuu wangu Baraka, hapa uwanjani kwangu Ipogolo. Nilipomuuliza alinijibu, "Bibi, hilo ni jasho tu." Jasho. Neno hilo nililisikia mama yake akiwa hajaota meno, na aliyelisema nusura tumzike.

Naikumbuka Rujewa ya wakati ule, mvua zikiwa za mwisho mwisho, tope jeusi la Usangu limeganda miguuni kama viatu. Nilikuwa mke mgeni. Nimetolewa kwetu Igowole, kwenye baridi na chai, nikaletwa kwenye joto na mpunga. Mume wangu Asajile alikuwa Mbeya kwenye useremala wake, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mimi niliishi kwa wazazi wake pamoja na mtoto wangu wa kwanza, Neema, ambaye ndiye mama wa huyu Baraka. Wakwe zangu walikuwa Wanyakyusa waliohama Tukuyu kufuata mpunga, na walihama na desturi zao zote, hawakuangusha hata moja njiani.

Mwanangu, wewe wa leo unakaa meza moja na baba mkwe wako, mnagombea paja la kuku. Sikulaumu. Wakati ule mkwe wa kike hakutazamana na baba mkwe. Akija kwa njia hii, wewe unakata kwa ile. Huongei naye, hukalii kiti chake, hutaji jina lake. Mimi jina lake hata leo silitaji. Si kwamba nalificha, ulimi wenyewe hautaki. Wala haikuwa chuki. Mzee yule alinipenda, nilijua kwa namna alivyokuwa akimwagiza mama mkwe aniletee sukari bila kusema ni ya nani.

Kazi yangu ya kwanza kulipokucha ilikuwa kufagia uwanja. Mzee hakutakiwa kukanyaga uchafu, wala kunikuta nje. Alikuwa na kikohozi chake cha kuamkia. Nikikisikia tu, nabeba ufagio napotelea jikoni. Akitoka anakuta uwanja mweupe na alama za ufagio, mfagiaji haonekani.

Na pale uwanjani ndipo lilipolala gari lake. Ilikuwa pikapu nzee, aliyoinunua alipoacha kazi ya udereva, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka ule mafuriko yaliikuta kwenye mfereji wa majaruba ya mpunga, ikazama nusu, maji yakaingia kwenye difu. Difu ni lile tumbo la chuma katikati ya matairi ya nyuma. Ndani yake kuna meno makubwa yanayosagana, yamelala kwenye oili nzito yenye harufu ya yai bovu. Oili ilitoka nyeupe kama maziwa. Mzee akaimwaga, akaweka nyingine, akalala chini ya gari mwenyewe na kisu na kipande cha mpira, akaibuka anacheka. Akamwambia mama mkwe kwamba maji hayataingia tena, njia yake ameiziba. Tukamsifu, mimi nikamsifu kimoyomoyo huko jikoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo tulivyofundishwa?

Haukupita muda nikaanza kuona tone. Lilikuwa katikati kabisa, mbele kidogo ya difu, doa jeusi kama sarafu. Mama mkwe akaniambia nilimwagie pumba za mpunga, linyonywe, nifagie, mzee asije akaikanyaga oili akaiingiza ndani. Nikafanya. Kila asubuhi pumba, ufagio, uwanja mweupe. Doa likakua likawa kama sahani, na mimi nikazidisha pumba. Mzee anatoka, anakuta pasafi, anawasha gari anaondoka. Umeona, mwanangu? Mtu pekee aliyepaswa kuliona lile doa ndiye tuliyekuwa tukimfichia, tena kwa heshima.

Aliyeligundua ni fundi wa pale Rujewa, siku alipokuwa anaziba pancha. Alikuta difu limelowa pale inapoingia ile shafti ndefu inayotoka mbele. Akabadilisha sili, yaani ule mpira wa duara unaoizuia oili isitoke. Tena alinunua na sili za kwenye matairi, akamshauri mzee zibadilishwe zote kwa pamoja. Mzee akakataa. Akamwambia huko kwenye matairi hakuvuji, na asiyeumwa hanywi dawa. Zile sili mpya zikatupwa kwenye boksi la vifaa, gari likarudi nyumbani, mzee akatangaza limepona.

Kweli pale katikati pakakauka. Nikafagia asubuhi kadhaa bila pumba. Kisha asubuhi moja nikaona tone jipya, dogo, lakini halikuwa pale. Lilikuwa pembeni, chini ya tairi la nyuma upande wa dereva. Kesho yake lilikuwa pale pale, limeongezeka. Nikasimama na ufagio wangu. Gari silijui. Ila uwanja niliujua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na uwanja uliniambia kwamba ugonjwa haukupona, umehama.

Nikamwambia mama mkwe. Jioni nikamsikia kutoka jikoni akimpelekea mzee habari pamoja na chakula, kwa sauti ya kupita pembeni, kama anazungumzia mvua. Mzee hakuuliza tone liko wapi. Aliuliza, "Nani kasema?"

"Mkweo."

Nikasikia kijiko kinawekwa chini. "Mkwe wangu anainama chini ya gari langu anatafuta nini? Mwambie hilo ni jasho. Kinachofanya kazi kinatoka jasho."

Mama mkwe akarudi jikoni na sahani. Hakunifokea. Alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, umeolewa na mtu, hukuolewa na gari. Fagia, nyamaza."

Nikafagia, nikanyamaza. Lakini ninyi mnaojua kukaa na neno kooni mnajua linavyokwaruza.

Wakati huo huo akaja mtu kutoka Igowole na ujumbe kwamba mama yangu mzazi hajiwezi, amevimba miguu, anapumua kwa shida, na kila saa anauliza kama mjukuu ameletwa. Alikuwa hajamwona Neema. Nililia nikiwa nimejifunika kitenge ili kilio kisifike kwa mzee, lakini kilifika, maana nilimsikia akimwambia mkewe afunge mchele wa kupeleka, kukicha tunakwenda wote. Hakungoja kuombwa. Nasema hivyo msije mkamwona mtu mbaya.

Asubuhi ile sikufagia chini ya gari, muda haukuwepo. Niliona tu kwamba tone halikuwa tone tena. Tairi lenyewe, ubavu wa ndani, lilikuwa linang'aa. Nikafungua mdomo, nikamkumbuka mama yangu anavyopumua kwa shida, nikaufunga.

Mama mkwe alikaa mbele na mzee, Neema mapajani. Mimi haikuwezekana kukaa nao. Nilipanda nyuma kwenye bodi, juu ya magunia ya mchele, nikageuza mgongo kwenye kioo, kitenge kichwani, uso nyuma. Ukisafiri hivyo huoni unakokwenda, unaona ulikotoka tu. Tukapita Igawa, tukapanda kwenda Makambako, mbuga ikabaki chini yetu na joto lake. Gari lilikimbia vizuri. Mimi sikuitazama nchi. Nililitazama lile tairi, kwa kuinamia ukingo wa bodi, kila mara mzee alipopunguza mwendo.

Tulipofika Nyororo tukaacha lami, tukaingia barabara ya udongo mwekundu ya kwetu, iliyolowa. Hapo vumbi halikuwepo la kuficha kitu. Mzee akikanyaga breki kwenye vilima vidogo, inapanda harufu ya oili inayoungua, kama mtu kakaanga lile yai bovu. Kisha nikahisi gari linavuta upande. Kidogo tu, kama ng'ombe anayechechemea. Mama mkwe alikuwa amenisimulia alivyosema fundi wa Rujewa siku ile ya pancha, kwamba oili ya difu ikipita kwenye sili ya tairi haiishii hapo, inaingia kwenye breki, na breki ikishakunywa oili haishiki tena.

Sasa nisikilize vizuri. Ile njia naijua tangu utoto. Kwa kuwa nilikaa kinyume, vitu vilinijia baada ya kupita. Ikapita mikaratusi mirefu, ikapita shule yenye kengele ya chuma cha reli, nikajua kinachofuata. Kinachofuata ni mlima wa kushukia mtoni, mrefu, wenye kona, na chini kabisa daraja la magogo lisilo na ukingo. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya daraja lile. Katika watu wote wa gari lile, mimi ndiye niliyetaka lisisimame. Nikageuza shingo nikachungulia kwenye kioo, nikaona kofia ya Neema ikinesanesa.

Nikapiga bati la gari kwa kiganja, mara nyingi.

Mzee akasimama. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama nataka kujisaidia. Nikashuka, nikaenda dirishani kwake nimegeuza uso, nikamwomba mtoto. Nikamchukua Neema, nikampa mgongo mzee, nikatazama mashamba ya chai. Kisha nikasema na mtoto, kwa sauti ambayo si ya kusema na mtoto.

"Neema, mwambie babu yako tairi la nyuma upande wake limelowa oili kwa ndani, na breki zinanuka. Mwambie mbele yetu kuna mlima, mimi naujua."

Neema alikuwa anatafuna pindo la kitenge. Sauti ya mzee ikatoka upande wa pili wa gari, polepole.

"Neema, mwambie mama yako kwamba babu alianza kuendesha magari yeye akiwa hajazaliwa."

"Neema, mwambie babu yako najua. Mwambie anayeumwa ni mama yangu mimi, ndiye tunayemwahi, na bado naomba atazame."

Mlango wa dereva ukafunguka. Nikasikia viatu vyake kwenye tope, kisha nikasikia anaguna, anajilaza chini. Halafu ikasikika sauti moja, fyuuu, ndefu, kama chungu kimefunuliwa. Mama mkwe akaruka, akauliza kama ni nyoka.

"Si nyoka," akasema mzee kutoka chini. Na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni mimi. Nililiziba pua."

Mwanangu, juu ya lile tumbo la difu kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Meno yakisagana oili inapata moto, hewa ya ndani inavimba, inatafuta pa kutokea, na pake ni pale. Mzee alipotaka kuzuia maji ya majaruba alichonga kijiti, akakivika mpira, akakikomelea kwenye kitundu kile. Hewa ikakosa njia. Ikaisukuma oili, ikapita kwenye sili ya mbele. Fundi alipoweka sili mpya pale, ikahamia mlango uliobaki dhaifu, kwenye tairi, kwenye breki. Wazee waliposema ziba ufa hawakusema uzibe na pua.

Mzee aliishika ngoma ya breki, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi, akaondoa mkono upesi, ilikuwa ya moto. Akatembea hatua chache hadi mlima unapoanzia, akatazama chini, akarudi. Akatoa jeki na boksi la vifaa, na zile sili alizozikataa zilikuwa humo.

Msaidizi hakuwepo. Mama mkwe magoti yake hayakukunjika. Kwa hiyo Neema akaendelea na kazi yake ya ujumbe. Mzee anasema, "Neema, mwambie mama yako alete spana ya kumi na tisa," na mimi naisoma namba kwenye chuma, narudi nyuma nyuma, naipeleka mgongoni kwangu, mkono wake unaipokea bila kuonana. Akafungua tairi, akatoa ngoma, akavuta shafti ya tairi. Sili ya zamani ilikuwa imesukumwa nje, ngumu kama ganda la chungwa lililokauka. Akaweka mpya kwa kuigonga taratibu na kipande cha mti, akaipaka oili kwanza. Viatu vya breki, vile vinavyoibana ngoma, akaviosha kwa petroli, akavikwangua kwa msasa, akamwambia Neema kwamba hata hivyo havifai, vitafika tu Igowole na hapo vitatupwa.

Wakapita wanawake wachuma chai na vikapu vyao mgongoni. Walisimama wakatutazama, mzee upande huu, mimi upande ule nimempa kisogo, na spana zinapita hewani. Mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu, "Dada, mmenuniana nini na mzee wako mpaka mnamtuma mtoto wa maziwa?" Wenzake wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Mama mkwe akawaambia ni heshima. Yule akasema heshima hiyo ina kazi nyingi.

Nilitamani nicheke nao. Lakini wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa kwetu, na mimi nilikuwa nafikiria pumzi za mama.

Na hapa, vijana, ndipo pa kushika sikio. Fundi yeyote atakuambia rudisha tairi kwanza, shusha gari, ndipo uingie chini kujaza oili iliyopungua. Na jeki hukanyagishwa kwenye ubao, haikanyagishwi kwenye udongo uliolowa. Mzee aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa na aibu, na mwenye aibu ana haraka kuliko mwenye njaa. Aliingia chini na kopo la oili wakati ngoma iko wazi na jeki imesimama kwenye tope.

Mimi nilikuwa nimegeukia chai. Nikasikia udongo unanyonya, sauti ndogo, kama mguu unatoka kwenye jaruba. Usangu sauti ile niliisikia kila siku. Sikufikiri desturi wala mkwe wala nani. Niligeuka nikatazama, nikaiona jeki imeinama kama mtu anayesinzia, na miguu ya mzee imetoka chini ya bodi.

"Baba, toka."

Sikuipaza sauti sana. Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kuisikia ikimwelekea yeye ndiyo maana alitii kabla ya kuuliza. Alijivuta kwa viwiko. Jeki ikaanguka, gari likashuka, ngoma ya breki ikajizika kwenye tope pale pale lilipokuwa bega lake.

Kopo la oili lililala likimwagika na hakuna aliyeliwahi. Mzee alikaa kwenye tope, mimi nimesimama na mtoto, tukatazamana. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Alikuwa na kovu kidevuni. Na macho yalikuwa ya Asajile, yale yale, yenye hofu ambayo kwa mume wangu nilikuwa sijaiona bado. Nikageuka tena kwenye chai, nikimshika Neema kwa nguvu hadi akalia.

Mzee alijifuta oili mikononi.

"Neema," akasema, "mwambie mama yako, ndaga."

Ndaga ni asante. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni fupi, lakini mzee yule hakulitupa ovyo.

Wachuma chai wakaleta kipande cha gogo la mkaratusi, likakaa chini ya jeki. Gari likainuliwa, tairi likarudi, gari likasimama kwa miguu yake yote, na oili iliyobaki ikajazwa mpaka ikagusa kidole kwenye tundu la kujazia. Kitundu cha kupumulia mzee alikisafisha kwa unyoya wa kuku aliouokota njiani. Kile kijiti akakitia mfukoni. Kisha akasema, safari hii kwa wote, kwamba hakuna mtu atakayeshuka mlima ule ndani ya gari. Wanawake wakabeba mchele vichwani, mama mkwe akashika fimbo, mimi mtoto, tukatangulia kwa miguu. Yeye alikuja nyuma peke yake, gari tupu, gia ya kwanza. Nilishuka mlima wote nikiisikia injini ile inanguruma juu yetu, nikisali isibadilike sauti. Haikubadilika. Alipovuka daraja akasimama, akazima, akabaki ameegemeza kichwa kwenye usukani kwa muda.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika kwetu. Mama aliketishwa kwenye mto, akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa sauti nyembamba, akanyoosha mikono. Nikamweka Neema hapo. Mama aliendelea kuishi mpaka mahindi ya mwaka ule yakakauka, na Neema alijifunza kutambaa kwenye kitanda chake. Ni mangapi ya hayo yangebaki chini ya lile daraja, mimi huwa sitaki kuyahesabu.

Jioni ile mama mkwe alikuwa na wasiwasi mwingine. Nilimsikia nyuma ya nyumba akimuuliza mumewe watafanya nini, maana mkwe amemtazama usoni na kumwita kwa kinywa chake, na Tukuyu wakisikia itakuwaje. Mzee akakohoa kikohozi chake.

"Alinitazama lini?" akasema. "Mimi sikuona. Nilikuwa chini ya gari."

Desturi tuliendelea nayo mpaka alipofariki, sikuivunja tena. Isipokuwa kitu kimoja. Tuliporudi Rujewa alimwagiza mama mkwe aniambie nifagie uwanja wote, lakini chini ya gari nipaache. Kila asubuhi, baada ya kikohozi, nilimsikia akiinama mwenyewe.

Sasa mtaniuliza kwa nini nawachosha na habari za wazee waliolala. Nawaambia kwa sababu juzi nilipoona weusi chini ya gari la Baraka, nilikuta umefunikwa mchanga. Nikamwita mke wake, Rehema, binti mpole. Akaniambia ameuona siku nyingi, huufunika asubuhi mume wake asije akakasirika, kwa kuwa alishamwambia mambo ya gari asiyaingilie. Nilikaa chini. Rehema si Mnyakyusa, baba mkwe wake anakula naye meza moja, desturi ile haijui hata kwa kusimuliwa, na bado alikuwa na pumba zake mkononi. Na Baraka kila siku hushuka ule mlima wa kutoka mjini kuja hapa Ipogolo, gari limejaa watu.

Ninapoandika, gari lile liko juu ya magogo. Fundi amefungua tairi la nyuma na hajasema neno bado, na mimi nimekaa mlangoni namtazama mgongo.

Basi sikilizeni, wanangu. Heshima ni nzuri, mimi nimeishi nayo na imenilea. Lakini heshima inayomficha mtu doa lake haimheshimu, inamzika taratibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee yule alifichiwa ya kwake na waliompenda. Ewe uliyeona, sema. Kama huna ruhusa ya kusema, sema na mtoto, sema na ukuta, ila usikike. Na wewe unayeambiwa, mwenye gari, mwenye nyumba, mwenye cheo, usianze kwa kuuliza nani kasema. Shuka, lala chini, tazama. Ukikuta hakuna kitu, umechafua shati tu. Na popote utakapoona kitu kinavuja, kabla hujaziba, tafuta kwanza ulichokiziba jana. Nyumba nayo ina kitundu chake cha kupumulia. Ukikikomelea kijiti, siku moja itavujia penye breki.

Mungu awape njia nyeupe na mikono isiyoona aibu kushika oili. Awape wake na waume wanaosema, na masikio yasiyochagua mdomo. Mshuke milima yenu yote mkiwa hai, na mkute mama zenu bado wameketi kwenye mito.

Nyumbani kwangu nimekwisha kuamuru, na aliyepo hapa Ipogolo anajua sirudii amri: uwanja ufagiwe kila asubuhi kama kawaida, ila chini ya gari ufagio usipite, wala mchanga usimwagwe, mpaka mwenye gari mwenyewe ameinama.